Somo la ziwani: ndoano ya nyoya na shaba kwa kuvua mukeke



Mara nyingi katika kurasa hizi tunazungumza juu ya muhogo, mchele wa bonde la Ruzizi na kuku. Leo tunashuka ziwani, kwa sababu wengi wenu muko na mguu mmoja shambani na mwingine mu mtumbwi. Muhogo ukipata ugonjwa, ni ziwa linalolisha nyumba. Na ziwa likikauka samaki, hata shamba halina tena mtaji wa kununua mbegu.

Kiangazi kilichopita, mama mmoja wa koperative alileta kwenye mkutano wetu chandarua alichokikata na kukishona kuwa wavu. Hakujificha. Alituambia: «Ninajua ni mbaya. Lakini wavu wa kweli nitautoa wapi? Na watoto watakula nini leo?»

Sisi maagronomo tuliangaliana. Hatukuwa na jibu. Kumwambia mtu «acha» bila kumpa kitu kingine mkononi si somo, ni lawama tu. Somo la leo ni jaribio letu la kumjibu yule mama. Ni ndoano ndogo yenye nyoya la kuku na waya wa shaba, ambayo kila mtu anaweza kuifunga mwenyewe nyumbani.

KWA NINI NDOANO?

Chandarua hakichagui. Nyavu za macho madogo zinazovutwa pwani nazo hazichagui. Mu majani ya karibu na pwani njo watoto wa sangala na nonzi wanakokulia kabla ya kwenda kwenye maji marefu. Mtu akipitisha chandarua pale, anabeba sahani moja ya vitoto ambavyo vingekuwa samaki wa kilo nyingi. Ni sawa na mkulima anayekula mbegu yake mwezi wa 8, wakati mvua ya mwezi wa 9 iko karibu.

Kuna hasara nyingine mbili. Chandarua kimetiwa dawa ya kuua mbu, na dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Tena chandarua kikiwa ziwani, mtoto analala bila kinga, na malaria haingoji. Pesa ya samaki wa asubuhi inaishia kwenye kituo cha afya jioni.

Ndoano inachagua. Ndoano kubwa haiwezi kuingia kinywa kidogo. Inagharimu kidogo, haihitaji watu kumi wa kuvuta, na ikipotea haikuachi na deni kwa mwenye mtumbwi.

TUMJUE SAMAKI KWANZA

Samaki tunayemtafuta ni mukeke, ambaye wengine wanamwita mikebuka. Anaishi katikati ya ziwa, katika makundi, na akikomaa chakula chake kikubwa hapa kaskazini ni ndagala. Anawinda kwa macho. Tushike jambo hilo vizuri: mukeke anakula kile anachokiona kinametameta na kukimbia. Ndoano isiyosogea ni kama kijiti tu mbele yake.

Usiku usio na mwezi, wavuvi wanawasha taa. Vidudu vidogo vya majini vinakuja kwenye mwanga, ndagala wanafuata vidudu, na mukeke anafuata ndagala. Lakini mukeke anazunguka chini na pembeni, pale mwanga unapoanza kufifia, kama vile mwizi anavyosimama kwenye kivuli cha ukuta. Basi ndoano yetu lazima ifike kule chini. Nyoya peke yake ni jepesi, halishuki. Kwa hiyo tunahitaji uzito.

TUNAJIFUNZA KWA WAVUVI WA TRAUTI

Katika mito ya baridi inayoshuka kutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, nchini Kenya, kuna samaki anayeitwa trauti. Si wa asili ya huko. Wazungu walileta mayai yake kutoka Uskoti mwaka 1905. Trauti anakula sana wadudu wachanga wanaoishi chini ya maji kabla ya kuota mabawa. Wadudu hao wanaitwa nimfu. Mvuvi wa trauti hatumii nimfu wa kweli. Anafunga wa bandia juu ya ndoano, kwa nyoya na waya.

Huko Uingereza, katika karne iliyopita, alikuwepo mlinzi wa mto Avon aliyeitwa Frank Sawyer. Alifunga nimfu kwa vitu viwili tu: nyoya la mkia wa ndege na waya mwembamba wa shaba. Uzi hakutumia kabisa. Waya ule ule ulishika nyoya na ulileta uzito. Na aliwafundisha wengine jambo la pili: acha nimfu izame mpaka ifike mbele ya samaki, kisha uiinue polepole. Samaki akiona chakula kinapanda kama kinataka kumkimbia, anakiuma.

Ziwa letu halina trauti, na mukeke hali nimfu kama hao. Lakini mambo hayo mawili tunayachukua jinsi yalivyo: uzito unapeleka ndoano kwa samaki, na kuinua kunamfanya aume. Mtu akisahau mengine yote ya somo hili, ashike hayo mawili.

VITU VINAVYOHITAJIKA

1. Ndoano zenye shingo ndefu, urefu wa sentimita 3 hivi. Chagua zenye tundu kichwani.
2. Waya mwembamba wa shaba, mwembamba kama uzi wa kushonea. Unapatikana ndani ya dinamo au mota iliyoungua. Mafundi wa redio wanautupa au wanauuza kwa bei ndogo.
3. Manyoya meupe ya kuku, yale ya shingoni, laini na marefu kama kidole kidogo. Siku mukichinja jogoo, hapana kuyatupa.
4. Kipande cha karatasi ya kung'aa, kama ile ya ndani ya pakiti ya biskuti au ya maziwa ya unga.
5. Verni ya kucha.
6. Mshipi wa nailoni wa mita 40 mpaka 50 kwa kamba kubwa, na nailoni nyembamba kidogo kwa matawi.
7. Nati nzito ya chuma au jiwe la mviringo, gramu 200 hivi, kwa mwisho wa mshipi.

Onyo: hapana kuyeyusha risasi ya batiri zilizokufa ili kupata uzito. Moshi na vumbi lake ni sumu, na wanaoumia zaidi ni watoto wanaocheza pale pale uani. Chuma na jiwe vinatosha.

KUFUNGA NDOANO, HATUA KWA HATUA

Kaa pahali penye mwanga mzuri. Bana ndoano kwa koleo, au uichomeke kwenye kipande cha mti wa mgomba ili isikuchome. Anza na ndoano 5 tu. Ya kwanza itakuwa mbaya, ya tano itakuwa nzuri.

Hatua ya 1. Safisha waya. Ukiwa na kutu au umevunjika-vunjika, tafuta mwingine. Kata kipande cha sentimita 50.

Hatua ya 2. Anza kuzungusha waya kwenye shingo ya ndoano, karibu na kichwa, ukiacha nafasi ndogo nyuma ya tundu. Zungusha mara 20 mpaka 25, mzunguko mmoja ukilala kando ya mwingine bila kupandana. Hapo umetengeneza uzito. Tunauweka upande wa kichwa kwa makusudi: ukilegeza mshipi, ndoano inaanguka kwa kichwa, na ukivuta, inapanda. Kushuka na kupanda kule njo mwendo wa ndagala anayekimbia.

Hatua ya 3. Usikate waya. Upeleke nyuma mpaka pale shingo inapoanza kukunjwa. Laza kipande chembamba cha karatasi ya kung'aa kwenye shingo, ukizungushe kuelekea kichwani, kisha urudishe waya juu yake kwa mizunguko ya mbali-mbali. Karatasi itaonekana kati ya waya na waya, kama tumbo la ndagala.

Hatua ya 4. Chukua nyoya moja au mawili. Ng'oa pamba ya chini, ubakize sehemu nzuri. Weka shina la nyoya nyuma ya tundu, ncha zikielekea nyuma, zipite mkunjo wa ndoano kwa sentimita 1 tu. Nyoya likiwa refu sana, samaki anauma mkia na ndoano haimgusi.

Hatua ya 5. Funga shina kwa waya mara 6 au 7, ukivuta kwa nguvu za kadiri. Ukivuta sana, waya unakatika na unarudi mwanzo.

Hatua ya 6. Maliza kwa kupitisha mwisho wa waya chini ya mzunguko wa mwisho, mara 2. Kata, kisha ukandamize ncha kwa koleo ili isikwangue nailoni. Paka verni ya kucha juu ya kichwa peke yake, bila kugusa nyoya. Acha ikauke usiku mzima.

Kabla ya kuitumia, jaribu ndoano ndani ya beseni la maji. Iachilie. Ikizama kwa kichwa, umefaulu. Ikilala kwa ubavu na kushuka polepole kama jani, ongeza waya.

KUUNGA MSHIPI

Mwisho wa mshipi mkubwa funga nati au jiwe. Kutoka pale, panda sentimita 50, funga tawi la kwanza la nailoni nyembamba lenye urefu wa sentimita 15. Panda tena sentimita 50, funga tawi la pili. Endelea mpaka matawi 5. Mwenye mkono uliozoea anaweza kufunga 10, lakini mwanafunzi akianza na 10 atafungua mafundo usiku kucha wakati wengine wanavua.

Fundo la ndoano ni hili: pitisha nailoni ndani ya tundu, izungushe juu ya yenyewe mara 5, rudisha ncha ndani ya kitanzi kidogo kilicho karibu na tundu. Lilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza. Nailoni kavu ikikazwa inapata joto na inadhoofika. Halafu vuta kwa nguvu. Afadhali likatike uani kuliko ziwani.

Mutu mmoja aliuliza: «Kama kuna jiwe chini, waya wa shaba ni wa nini tena?» Ni swali zuri. Jiwe linapeleka mshipi mzima chini. Lakini nyoya jepesi linabaki likielea na kujizungusha kwenye mshipi, na mwisho linakuwa fundo moja. Shaba inaipa kila ndoano mwendo wake. Sisi wenyewe tulifunga mshipi wa kwanza bila shaba, tukifikiri jiwe linatosha. Tulirudi na mafundo, na mzee mmoja mvuvi alitucheka mpaka akakaa chini.

NAMNA YA KUVUA

Pima maji kwa mikono. Urefu wa mikono miwili iliyonyoshwa ni pima moja, karibu mita 1 na sentimita 80. Weka alama ya uzi mwekundu kwenye mshipi kila pima 5.

Teremsha mshipi pembeni mwa mwanga, si katikati yake. Anza na pima 10. Ngoja jiwe litulie. Sasa inua mkono kwa mwendo mmoja mpaka kwenye bega, kisha uuteremshe haraka kidogo, mshipi ulegee. Hesabu moja, mbili, tatu. Inua tena. Mara nyingi samaki anauma wakati ndoano inashuka au inapoanza kupanda tena. Kwa hiyo ukihisi mshipi umekuwa mwepesi ghafla, hapana kufikiri kwamba jiwe limekatika: huenda mukeke amelibeba kwenda juu. Vuta!

Usipopata kitu baada ya kuinua mara 20, badilisha: ongeza pima 3, au punguza pima 3. Samaki akiuma, angalia ni ndoano ya ngapi. Kama ni ya juu kabisa, kundi liko juu, pandisha mshipi. Kama ni ya chini kabisa, teremsha. Mshipi wenyewe unakuambia wanakaa wapi.

Hapana kuteremsha mpaka mwisho wa dunia. Ziwa letu ni refu kwenda chini, mita 1,470 pale penye kina kikubwa zaidi, lakini samaki hawaishi kote. Huku kaskazini, ukishapita mita 100 hivi, maji hayana tena oksijeni ya kutosha. Mshipi wa mita 50 unakutosha kabisa.

Mukivuta samaki wadogo tu, hapana kusema «tutawarudisha». Mukeke aliyetolewa chini sana mara nyingi anafika juu akiwa amekwisha kuumia, na akirudishwa anakufa. Dawa ni kuhama pale, au kufunga ndoano kubwa zaidi. Na tuache midomo ya Mulongwe, Kalimabenge na Ruzizi pamoja na majani ya pwani: pale ni kitalu, kama vile kitalu cha mboga, hakuna anayevuna kitaluni.

Siku za mwezi mkubwa taa haina nguvu, na samaki wanatawanyika. Siku hizo ni za kufunga ndoano mpya, kurekebisha mtumbwi na kupalilia muhogo.

USALAMA KWANZA

Kabla ya kutoka usiku, mwenyekiti wa kikundi aulize kama viongozi wameruhusu kuvua siku hiyo, na kama hakuna kipindi cha kufunga ziwa. Sheria za kupumzisha ziwa zinatuhusu sisi pamoja na ndugu zetu wa Burundi, Tanzania na Zambia, nchi zote 4 zilizotia sahihi mkataba wa Ziwa Tanganyika mwaka 2003. Mwenye ndoano halali naye anazifuata.

Hapana kutoka peke yako. Vaa gile ya kuelea. Kiangazi, upepo wa kusini unaweza kuamka ghafla na kuinua mawimbi, kwa hiyo mkiona nyota za upande wa Ubwari zinazimika nyuma ya mawingu, kunjeni mshipi. Samaki wa kesho yupo. Baba wa watoto yuko mmoja.

SAMAKI AKIFIKA NCHI KAVU

Mfunike samaki kwa majani ya mgomba yaliyoloweshwa, mbali na jua. Mtoe matumbo mapema. Huku Uvira tunajua kipindupindu vizuri kuliko watu wengi, kwa hiyo maji ya kuoshea samaki yawe yametiwa dawa ya klori, na mikono ioshwe kwa sabuni. Maji ya pwani pale watu wanapooga na kufua si maji ya kuoshea chakula. Matumbo ya samaki yazikwe ndani ya shimo la mbolea, yatafaa sana kwa mboga.

Kila asubuhi andika mambo manne ndani ya daftari: pima ngapi, ndoano ngapi, samaki wangapi, na wamekula nyumbani au wameuzwa. Baada ya miezi miwili mutaona wenyewe kama kazi inalipa. Hatuahidi mtumbwi kujaa. Ndoano haishindani na wavu mkubwa wa taa, na usiku mwingine utarudi na mikono mitupu. Tunaahidi jambo dogo zaidi: mutu asiye na wavu anaweza kupata mboga ya siku bila kuharibu mbegu ya ziwa.

Yule mama haendi ziwani usiku. Ni mtoto wake mkubwa anayekwenda na jirani. Mama anafunga ndoano, zake na za wengine, na anauza zile zinazobaki. Vidole vyake vinafunga vizuri kuliko vyetu. Tulipopita kwake, chandarua kilikuwa kimeshonwa tena na kimetundikwa juu ya kitanda cha wadogo, kiko na mshono mkubwa katikati. Kwa sababu kilishakatwa na kuloweshwa sana, tumemshauri aombe kipya kwenye kituo cha afya, na hicho kipya kisione ziwa.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika kijiji chetu, ni wapi pwani panapofaa kuitwa kitalu cha samaki? Nani atapalinda, na kwa njia gani?
2. Ni familia ngapi zinavua kwa chandarua kwa sababu hazina kitu kingine? Koperative inaweza kuzikopesha ndoano na mshipi?
3. Nani kati yetu anajua kufunga ndoano kwa njia nyingine iliyo nzuri kuliko hii? Aje atufundishe.

Kwenye mkutano ujao, kila kikundi kilete ndoano 5 kilizofunga chenyewe, na beseni moja la maji. Tutazijaribu pamoja, na ile itakayozama vizuri tutaifanya mfano kwa wote.